Je, draiva tatu za RS-422 zinaweza kutumia jozi moja ya nyaya?

Mpunga_Ahero: Hamjambo wenzangu. Nina vipimo vitatu vya kina cha maji kando ya mfereji wa mpunga huku Ahero, na kila kimoja hutuma data kwa draiva (chipu inayosukuma ishara kwenye nyaya) ya RS-422, kiwango cha kutuma data kwa jozi ya nyaya. Kebo iliyofukiwa ina jozi moja tu ya nyaya, takriban mita 700 hadi kibanda cha pampu. Je, naweza kuunganisha A zote pamoja na B zote pamoja (A na B ni nyaya mbili za jozi), mradi vitume kwa zamu? Aidha, fundi mmoja amenishauri nifunge draiva mbili sambamba kwenye kipimo cha mbali ili ishara ipate nguvu.

Fundi_Nakuru: Ndugu, zamu pekee haitoshi. Draiva isiyo na pini ya kuizima hubaki imeishika laini hata isipotuma chochote. Nyingine ikituma biti iliyo kinyume, moja inauvuta waya kuelekea volti 5 na ya pili kuelekea graundi, mkondo unapita kati yao, chipu zinachemka, na kipokezi kinaachiwa volti zisizoeleweka. RS-422 ni ya draiva moja na vipokezi visivyozidi 10. Chukua RS-485, iliyotolewa mwaka 1983 kwa ajili ya laini yenye watumaji wengi. Chipu kama MAX485 ina pini ya DE, ambayo ikishushwa draiva huziachia nyaya zote mbili.

Umeme_Kakamega: Naafiki. Draiva mbili sambamba, hata zikipewa ishara ile ile, hupishana kwa nanosekunde kadhaa na kuvutana kila ishara inapogeuka. Mita 700 si tatizo kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Hakikisha tu rezista za omu 120, za kuzuia ishara isirudi nyuma, ziko kwenye ncha mbili za kebo, kwa sababu ukiongeza ya tatu mzigo unashuka kutoka omu 60 hadi 40, ilhali draiva hizi hupimwa kwa omu 54.

Mpunga_Ahero: Nashukuru sana. DE niishushe wakati gani, nikitumia bodi ya kompyuta ndogo ya Arduino Uno?

Fundi_Nakuru: Subiri bendera ya TXC, alama ya ndani ya chipu inayoonyesha kwamba baiti ya mwisho imeshatoka yote. Ile ya UDRE husema tu kwamba bafa ina nafasi, huku baiti iliyotangulia ikiwa bado inatoka, na kwa kasi ya 9600 baiti huchukua takriban milisekunde 1. Kisha, kwa kuwa laini huelea (hukosa volti maalumu) draiva zote zikizimwa, weka kibandani rezista ya omu 560 kutoka A hadi volti 5 na nyingine kama hiyo kutoka B hadi graundi. Utapata takriban milivolti 250 kati ya A na B, na kipokezi kinahitaji 200.