Pikapu kuukuu kwa mizigo ya Malindi: Hilux, Hardbody au Isuzu?

Mkulima wa Marafa

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Ninatafuta pikapu ya dizeli iliyokwisha kutumika, ya kubebea maembe kutoka Marafa hadi sokoni Malindi, na msimu ukiisha ibebe nazi na makuti. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi umri wa miaka 8, pikapu ninazozimudu ni hizi zilizomo nchini tayari, zilizokwisha kupita mikononi mwa watu kadhaa. Nimeonyeshwa tatu: Toyota Hilux yenye injini iitwayo 3L, ambayo imeishi Malindi mjini tangu ikiwa mpya, Nissan Hardbody yenye injini ya TD27, iliyoletwa kutoka Nakuru mwaka jana, na Isuzu TFR yenye injini ya 4JA1, iliyokuwa ikibeba chumvi upande wa Gongoni. Bei zake zimekaribiana sana. Ninaomba waliozimiliki wanieleze waliyoyaona wenyewe.

Hilux ya Ganda

Wa alaykum salaam. Nimekuwa na Hilux ya 3L kwa miaka 11, nami sijutii. Ni injini ya sentimita za ujazo 2,779, haina mbio, lakini ikitunzwa hufanya kazi mwaka baada ya mwaka, na spea zake hazikulazimu kwenda Mombasa.

Mambo mawili yanahitaji uangalifu. La kwanza ni mkanda wa taimingi, ule unaopatanisha mwendo wa vali na wa pistoni, ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwenye dashibodi kuna taa ya kumkumbusha dereva. Pikapu yangu niliinunua balbu ya taa hiyo ikiwa imeondolewa, nami sikujua. Mkanda ulikatika karibu na Kakoneni nikiwa na shehena ya mananasi, vali zikagonga pistoni, na matengenezo yake yakala mapato yangu ya msimu mzima. Ukinunua Hilux, badilisha mkanda huo kabla ya safari ya kwanza, hata muuzaji akikuapia kwamba ni mpya.

La pili ni joto. Injini hii ikichemka, kichwa chake hupasuka upesi. Visima vingi vya kwetu vina maji ya chumvichumvi, na maji hayo yakitiwa kwenye redieta huacha magadi ndani ya vijia vyake na kuila polepole. Maji ya bomba yanayotoka Baricho ni afadhali, ila mimi hutumia kulanti pekee, yaani kile kimiminika maalumu cha kupoza injini, na tangu nilipoanza kufanya hivyo mshale wa joto haujapanda.

Fundi wa Maweni

Mzee wangu wa Marafa, injini zote tatu nimezifungua mara nyingi, kwa hiyo nitazieleza kwa ufupi. TD27 ya Hardbody, yenye sentimita za ujazo 2,663, haina mkanda wa taimingi kabisa, kwani hutumia gia za chuma, na lile lililompata ndugu yetu wa Ganda haliwezi kukupata. 4JA1 ya Isuzu, ya sentimita 2,499, hurusha dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, na ndiyo sababu hutumia mafuta kidogo na huwaka kwa urahisi asubuhi, ingawa kelele yake ni kubwa. Ya 3L umekwisha kuelezwa. Zote ni injini njema, na kila moja inaweza kufunguliwa na kutengenezwa hapa Malindi.

Chasisi ndiyo inayonitia wasiwasi. Kwa sehemu kubwa chasisi ya pikapu ni chuma chenye uwazi ndani, kama sanduku refu. Mchanga na chumvi huingia kwa matundu yake na kukaa humo, na kwa kuwa chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, chuma hakikauki hata wakati wa kaskazi. Upepo wa kusi nao huleta rasharasha za bahari juu ya gari lililoegeshwa karibu na ufuo. Kutu huanzia ndani na kuja nje, kiasi kwamba rangi inaweza kuonekana nzima ilhali chuma kimebaki unene wa karatasi. Nimeona Hilux ikivunjika nyuma ya kabini ikiwa na mizigo, na injini yake haikuwa na kasoro hata moja.

Chukua nyundo ndogo ulale chini ya gari. Gonga pale chasisi inapopinda juu ya ekseli ya nyuma, na pale springi za majani zinapofungwa. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya kufifia na magamba huanguka. Ukikuta chini kumepakwa rangi nyeusi mpya, ongeza mashaka. Kisha soma namba ya chasisi iliyopigwa kwenye chuma chenyewe na uilinganishe na kitabu cha gari, maana namba ikiwa imeliwa na kutu utapata taabu siku ya kuhamisha umiliki, na injini nyingi za umri huu zimekwisha kubadilishwa bila kuandikishwa.

Mama Samaki, Mayungu

Mimi ninayo Isuzu TFR, na nakubaliana na fundi kuhusu mafuta: Mombasa naenda na kurudi kwa gharama ndogo kuliko jirani yangu mwenye Hilux. Lakini hiyo iliyobeba chumvi, kaka yangu, usiiguse. Ya kwangu hubeba samaki na barafu tu, na maji yaliyodondoka kutoka kwenye makasha yalipenya chini ya bodi ya nyuma na kula vyuma vilivyoishikilia katika miaka 4. Sasa nimetandika turubai zito na ninaosha chini kwa maji yasiyo na chumvi kila jioni. Iliyobeba chumvi yenyewe hali yake sitaki kuikisia.

Mzee wa Shella

Kama mzigo wako haufiki nusu tani, tazama pia Datsun 1200 ya petroli. Kabureta yake fundi yeyote anaijua. Ila haina chasisi ya peke yake, bodi ndiyo inayobeba kila kitu, kwa hiyo ikishaoza sakafu gari limekwisha.

Hilux ya Ganda

Fundi, mimi hunyunyiza oili chafu chini ya gari kabla ya mvua za masika. Je, si kinga ya kutosha?

Fundi wa Maweni

Husaidia kiasi, ndugu yangu, lakini oili hufanya bushi za mpira zivimbe na kulainika, na vumbi likiganda juu yake hutaona kutu inapoanza. Tena humwagika ardhini tunakolima. Afadhali nta maalumu ya kuzuia kutu, inyunyizwe ndani ya chasisi kwa mpira mwembamba, baada ya kuosha na kukausha vizuri, na vitundu vya kutolea maji vizibuliwe.

Mkulima wa Marafa

Nawashukuruni nyote. Jana nilikwenda na nyundo. Hilux ilinipendeza kwa injini, lakini juu ya ekseli, upande wa kulia, kuna bamba lililochomelewa na kupakwa rangi juu yake, na muuzaji hakuwa amelitaja. Isuzu sikulala chini yake, maana magamba yalikuwa yametapakaa mchangani pale ilipoegeshwa. Hardbody ililia vizuri kila mahali, na namba zake zinasomeka na kulingana na kitabu. Kasoro yake ni usukani uliolegea na tairi za mbele zilizolika upande mmoja. Nimeacha amana ndogo, na Jumamosi asubuhi nitaileta Maweni, fundi aitazame mikono ya usukani kabla sijamalizia malipo.