Saa zetu za Jumamosi ziende wapi mwaka ujao: BusyBox, Toybox au tawi letu wenyewe?

FundiRuta, Langoni

Wadau, assalaam alaykum.

Jumamosi iliyopita tulikaa watu sita, ikaadhiniwa magharibi hatujaafikiana, kwa hiyo naileta hoja hapa ili na walioko Malindi waseme. Tuna saa tatu kila wiki. Wanne wetu wanaandika C, lugha ya programu, wawili wanajifunza. Mwaka ujao saa hizo tuzitie wapi?

Kwa aliye mgeni: ruta zetu 14 zinaendeshwa na OpenWrt, mfumo huria wa ruta, na humo ndani amri za ls, cp, grep, tar, hata sheli yenyewe inayosoma amri, vyote ni faili moja tu, BusyBox. Ukiliita kwa jina la ls linaorodhesha, ukiliita kwa jina la cp linanakili. Bruce Perens aliianza 1995 ili kisakinishi cha Debian kienee kwenye diski moja ya floppy. Toybox ni wazo lilo hilo. Ameianza Rob Landley 2006, baada ya yeye mwenyewe kuwa mtunzaji wa BusyBox kwa muda. Tangu Android 6.0 ya 2015 Toybox imo ndani ya simu, kwa hiyo vijana wote wanaobarizi forodhani jioni wanayo mfukoni bila kujua.

Mimi moyo wangu uko Toybox na sifichi. Ukitaka kuongeza amri unanakili faili la mfano, hello.c, unalipa jina jipya, na mlemle mna maelezo ya msaada, usanidi na msimbo. Yule kijana wetu wa kidato cha nne alilifungua akalielewa siku hiyohiyo, ilhali BusyBox alihangaika nayo wiki mbili. Leseni yake ni 0BSD: chukua, badilisha, gawa, hudaiwi hata kubeba maandishi ya leseni. BusyBox iko chini ya GPL toleo la 2, ukimpa mtu ruta umpe na njia ya kupata msimbo.

Njia ya tatu ni kuchukua BusyBox na kufanya tawi letu, lenye jina letu, tutie tunachotaka na tutoe tusichotaka. Wawili kati yetu wanaipenda sana. Semeni.

BintiShela

Waalaykum salaam. Kaka, nakuheshimu kwa kazi ulizofanya, lakini hapa umependa sura ya nyumba hujaingia jikoni.

Fungua saraka ya toys/pending ndani ya Toybox uone kilichomo. Mna sh, ndiyo sheli, mna dhcp ya kuomba anwani ya mtandao, mna ip, mna route. Hizo ni amri ambazo watunzaji wenyewe wanasema bado hazijaiva. Na ruta inapowaka, kitu cha kwanza ni hati za kuanzishia, yaani mafaili ya amri zilizopangwa kwa mfuatano, zinazosomwa na sheli ya BusyBox, ash. Kisha inaomba anwani kwa udhcpc, ya BusyBox vilevile. Iondoe leo usiku uone. Kesho saa moja asubuhi madrasa mbili hazina mtandao, na anayepigiwa simu ni mimi, si wewe. Simu za Android hazipati shida hiyo kwa sababu sheli yake ni mksh, Toybox inazifanyia kazi nyingine.

La leseni nalo nalipinga. Nilipoipa maktaba ruta mbili niliweka msimbo na faili la usanidi kwenye flashi diski, nikaifunga kwa utepe pamoja na ruta. Dakika kumi. Na tusisahau tulikotoka: OpenWrt ilianza 2004 kutokana na msimbo wa ruta ya WRT54G, na msimbo huo ulitolewa hadharani kwa sababu ya GPL. Bila leseni hiyo unayoiona mzigo, hata hicho chumba chetu cha Jumamosi kisingekuwa na la kufanya.

Tawi letu wenyewe sitaki hata kulisikia. Tulishafanya. Mnaikumbuka ile programu ya kupima umeme wa sola tuliyoikata kutoka kwa mradi wa watu tukaipa jina letu? Aliyeitunza alipata kazi bara, akaenda zake. Miaka miwili mradi wa asili ukarekebisha makosa, sisi tumebaki na yaleyale. Mpaka leo ruta ya Kipungani inaandika tarehe vibaya kila umeme ukikatika, na hakuna anayethubutu kuugusa msimbo ule.

Kalafati, Matondoni

Namuunga mkono BintiShela, tawi tusifanye. Chombo ukikiunda lazima kila mwaka ukipandishe ukitie kalafati, na hatuna mikono ya kutosha.

MsimboMalindi

Salamu kutoka Malindi. Mnabishana baina ya wazee wawili, BusyBox na Toybox, mbona hamtaji uutils? Ni amri hizohizo za msingi, zimeandikwa kwa lugha ya Rust, makosa mengi ya kumbukumbu yanayosumbua C hayapiti, leseni yake ni MIT, na Ubuntu 25.10 imeichukua badala ya coreutils za GNU, yaani mkusanyo wa kawaida wa amri kama ls na cp. Inaweza kujengwa kama faili moja vilevile. Vijana wanaoanza leo Rust ina soko kuliko C. Mimi ningeweka saa zote huko.

BintiShela

Ndugu wa Malindi, hoja ya vijana ni ya kweli na naichukulia kwa uzito. Lakini ruta zetu nyingi zina flashi ya MB 8 na kumbukumbu ya MB 64, na prosesa zake ni MIPS. Rust iliishusha MIPS hadi daraja la tatu mwaka 2023, maana yake hakuna faili lililotayarishwa, unajenga kila kitu mwenyewe na likivunjika ni lako. Isitoshe, uutils inashika nafasi ya coreutils. Haikuletei sheli wala DHCP. Kwenye kompyuta za maktaba ningekubali kesho. Kwenye ruta, hapana.

MsimboMalindi

La MIPS sikulijua. Nimekubali kwa ruta. Kwa kompyuta za maktaba tutarudi kulizungumza, msidhani nimelisahau.

Maalim wa Mkomani

Wanangu, mimi C siijui na sitaijua umri huu. Lakini naomba kuuliza kitu kimoja kabla hamjaamua.

Zile picha za miswada tulizopiga, zimo kwenye diski iliyochomekwa ruta ya madrasa. Kila faili nimelipa jina kama lilivyoandikwa juu ya mswada, kwa herufi zetu za Kiarabu, na irabu zake juu na chini, kwa sababu Kiswahili bila irabu hakisomeki. Ukiziondoa, "tete" na "tito" zinakuwa kitu kimoja. Nikitazama orodha kupitia simu naona vizuri. Alipokuja kijana wenu kutazama kwenye ruta yenyewe, alama za kuuliza tupu, mstari hadi mstari. Akaniambia, "Maalim, ungeandika tu kwa herufi za Kizungu." Nilinyamaza, lakini iliniuma. Babu zetu wameandika hivi tenzi na barua za biashara na wosia.

Sasa, katika hizi mbili, ni ipi inayosoma maandishi yetu?

FundiRuta, Langoni

Maalim, shikamoo. Nimelisoma swali lako jana usiku nikashindwa kulala. Mwaka mzima tumebishana juu ya leseni, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza hilo. Na huyo kijana aliyekujibu hivyo ni katika sisi, kwa hiyo naomba radhi kwa niaba yetu sote.

Nimekaa na ruta moja ya akiba mezani tangu alfajiri. Nimetengeneza faili tupu, jina lake شِيلَ. Shini, kasra, ye, lamu, fataha: alama tano kwa hesabu ya Unikodi, mfumo unaoipa kila herufi nambari yake, na kila moja inachukua baiti mbili. Haya ndiyo niliyoyaona:

BusyBox iliyomo ndani ya ruta zetu imejengwa Unikodi ikiwa imezimwa. ls ikatoa alama kumi za kuuliza, moja kwa kila baiti. Ndiyo aliyoyaona Maalim.

Nikajenga upya, nikawasha Unikodi bila kugusa kingine. Alama za kuuliza zikawa tano. Hapo nilikwama saa nzima, mpaka nikasoma maelezo kwenye menyu ya usanidi. Kuna nambari iitwayo LAST_SUPPORTED_WCHAR na inakuja ikiwa 767. Herufi yoyote iliyo juu ya nambari hiyo BusyBox inaihesabu kuwa haichapiki. Herufi za Kiarabu zinaanzia 1536.

Nikaipandisha hadi 4351. Zikatoka shini, ye na lamu, lakini kasra na fataha zimebaki alama za kuuliza. Konsonanti zipo, irabu hazipo! Sababu ni kwamba irabu zetu hazina upana wake, zinapanda juu ya herufi nyingine, na alama za namna hiyo zina swichi yake peke yake, UNICODE_COMBINING_WCHARS, nayo huja imezimwa.

Nikaiwasha. Jina likatoka zima. Nimelipiga picha, Maalim, nitakuletea uone.

Kwa hiyo msimbo upo siku zote, umefungwa tu, kwa kuwa waliochagua 767 walikuwa wanaogopa herufi zinazovuruga safu kwenye skrini. Sikuwalaumu. Kwa upande wa Toybox, kwenye simu nikaita /system/bin/ls moja kwa moja, na jina limetoka zima bila kuwasha chochote.

BintiShela

Allah akubariki. Niambie na cut, ile amri ya kukata kipande cha mstari, maana hati yangu ya kupanga miswada kwa herufi ya kwanza inatumia cut -c1.

FundiRuta, Langoni

Hapo ndipo penye kazi. Cut ya BusyBox, -c kwake ni sawa na -b, inakata baiti. Ukiiomba herufi ya kwanza inakupa nusu ya shini, baiti moja isiyo na maana, na usanidi wowote hauisaidii. Toybox imezitenga: -b baiti, -c herufi za UTF-8 (ndivyo Unikodi inavyoandikwa kwa baiti), na ipo hata -C inayohesabu safu za kwenye skrini. Kwa -c1 nilipata shini nzima. Lakini nilipata shini bila kasra yake, kwa kuwa kasra ni alama ya pili. Msomaji wetu akisema "herufi ya kwanza" anamaanisha "she", siyo "sh". Sijui kama hilo ni la kuwauliza watunzaji au ni la hati zetu wenyewe.

Kalafati, Matondoni

La hati zetu wenyewe. Usiwapelekee watu lugha yetu nzima watie ndani ya cut.

BintiShela

Naona hivyo pia. Basi nasema hivi, na mnirekebishe.

Ruta zibaki na BusyBox. Hatufanyi tawi, tunabadilisha usanidi tu: Unikodi, 4351, na swichi ya irabu. Faili la usanidi liwekwe mahali pamoja, na mtu mwingine asiyekuwa FundiRuta ajaribu kujenga kutokana nalo kabla ya kuligawa, maana tukimtegemea mmoja tumerudi kwenye ile ya sola.

Saa za kuandika msimbo ziende Toybox, nakubali hapo kaka umeshinda, lakini zisianzie kwenye amri mpya. Zianzie kwenye majaribio. Ndani ya saraka ya tests kila amri ina faili lake, na ukiandika make test_cut inajijaribu yenyewe. Majaribio yanaandikwa kwa mstari mmoja mmoja, hata wale wawili wanaojifunza wataweza. Tuwape maneno yetu yenye irabu kwa cut, wc, fold na ls, tuone kinachovunjika. Kikivunjika ndipo tushike C.

Na kwa cut ya BusyBox tutume kiraka kimoja, yaani badiliko la msimbo, kidogo. Huko wanapima kila badiliko kwa bloat-o-meter, inayoonyesha baiti ngapi zimeongezeka, kwa hiyo lazima kiwe swichi inayozimika, asiyekihitaji asilipe. Viraka vyao vinakwenda kwa barua pepe, na hilo kwetu ni jema. Barua inasubiri mtandao urudi, kurasa nzito hazisubiri.

FundiRuta, Langoni

Nilikuja hapa nikitaka kuhamisha kila kitu Toybox. Kwa ruta nimeachia. Swali langu ni moja: kiraka cha BusyBox wakikikataa?

BintiShela

Hati ya kupanga miswada nitaipeleka kompyuta ya maktaba. Kukataliwa hakutuzuii kazi. Lakini tukikinyamazia, wa Siyu na wa Pate watakaokuja baada yetu watakata shini nusu vilevile.

MsimboMalindi

Mambrui kuna wazee wana miswada pia. Nikipata ruhusa yao, nitaleta majina ya kujaribia. Na majaribio ya Toybox naweza kuyaandika nikiwa huku, sihitaji ruta.

Maalim wa Mkomani

Mimi nitaandika orodha ya maneno hamsini kwa mkono wangu, yenye irabu zote, na zile herufi zilizoongezwa kwa sauti za "p" na "ch" ambazo Waarabu hawana. Mtu aje kuichukua baada ya alasiri, asije na punda kwenye kichochoro changu, wanatengeneza mtaro. Na kijana yule aje yeye, nataka nimsomeshe hizo herufi kabla hajaziandika kwenye kompyuta.

FundiRuta, Langoni

Atakuja, Maalim. Jumamosi naleta ruta ya akiba na kebo ya seriali. BintiShela ajenge kutokana na faili la usanidi, mimi nitakaa pembeni nisiguse kibodi.