Mrejesho: Miguu ya mzee kuwaka moto usiku

Ndugu zangu, asanteni sana. Nilikuwa nimeuliza hivi: mzee ana kisukari, nyayo zinawaka usiku hata shuka ikigusa ni taabu, na panadol haimsaidii. Jibu ni kwamba panadol haitulizi maumivu ya neva, yaani mishipa ya fahamu iliyoharibiwa na kisukari. Ibuprofeni nayo vilevile, tena huweza kuumiza figo.

Daktari ameanza na amitriptilini, dawa ya kutuliza maumivu ya neva, miligramu 10, ya kumezwa jioni. Huchukua wiki 2 hadi 4 kuonyesha nguvu; mtu akiiacha siku ya tano ataona imeshindwa kumbe haijaanza. Hukausha mdomo na kuleta kizunguzungu, kwa hiyo anayeamka usiku kwenda msalani aketi kwanza kitandani. Mwenye maradhi ya moyo amwambie daktari mapema. Pregabalini, dawa nyingine ya maumivu hayo, ipo pia, ila figo zikiwa dhaifu dozi hupunguzwa.

Ombeni kipimo cha vitamini B12, tafadhali! Metformini, dawa ya kisukari, ikitumiwa miaka mingi huishusha vitamini hiyo, na upungufu wake huleta ganzi na kuwaka moto kulekule.

Na tuache kuwalowekea wazee wetu miguu kwenye maji ya moto na chumvi. Mguu wenye ganzi hauhisi kuungua. Maji yawe vuguvugu, yapimwe kwa kiwiko. Kausha katikati ya vidole, mafuta yapakwe nyayo na visigino tu. Adhuhuri ya Mombasa, sakafu ya nje ya msikiti huunguza: avae soksi, na viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Kokoto moja huchimba kidonda kimyakimya.