Wastani au mediani kwa urefu wa sangara?

Swali: Habari zenu. Nimepima sangara watano katika mwalo wa Kirumba, nikapata sentimita 48, 50, 52, 54 na 146. Wastani ni 70, ingawa hakuna hata mmoja anayekaribia urefu huo. Je, nimekosea hesabu?

Jibu la 1: Hesabu ni sahihi, mdogo wangu, huyo mkubwa ndiye aliyeuvuta wastani juu, kwa hiyo taja pia mediani (urefu wa samaki wa katikati ukiwapanga kuanzia mfupi hadi mrefu), yaani 52, ambayo isingebadilika hata kama angefika mita mbili.

Jibu la 2: Usimfute kwa sababu tu anakusumbua, maana sangara hufikia urefu huo, kagua kwanza daftari, isije ikawa ulikusudia 46.

Muulizaji: Nimelikagua. Ni 146 kweli. Tulimpima watu wawili.