Naomba ushauri: muziki wa sebuleni usiofunika mazungumzo

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa kupanga muziki wa jioni, ule wa kuchangamsha nyumba bila kulazimisha watu kupaza sauti.

Sebule ni mita 4 kwa 5, sakafu ya vigae, spika mbili. Zikikaa kwenye kona, besi inavuma na maneno ya wimbo hayasikiki, maana kuta mbili na sakafu zinaikuza. Zikivutwa sentimita 50 kutoka ukutani, mvumo unapungua. Tatizo linakuja sauti ikishushwa hadi desibeli 50 hivi, chini ya mazungumzo ya kawaida ambayo ni takriban 60: besi inatoweka, kwa kuwa muziki ukiwa chini sikio huisikia besi hafifu kuliko sauti za kati. Niiongeze kidogo kwenye ikwalaiza (kirekebishi cha besi, sauti za kati na za juu), au nirudishe spika karibu na ukuta?

Mwangwi nao unakera. Najua zulia na mapazia mazito hutuliza zaidi sauti za juu, besi hayaigusi sana. Je, zulia la mita 2 kwa 3 litatosha?

Pia nyimbo nyingine zimerekodiwa kwa sauti kubwa kuliko zenzake, zinashtua watu mezani. Mnazisawazishaje? Natanguliza shukrani.