Faiba imeingia home, simu zinashika ila desktopu inagoma, inaleta erori 651

KijanaTabata:
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada. Wiki hii tumefungiwa faiba hapa nyumbani, mafundi wamevuta waya mpaka sebuleni wakaweka kile kiboksi cheupe chenye waifai, simu zote zinashika freshi na TV inacheza YouTube bila kukwama. Shida ni desktopu, ni Dell ya mtumba nimechukua Kariakoo ilitoka ofisini huko, haina waifai, kwa hiyo nimechomeka waya wa LAN kutoka kwenye kiboksi mpaka nyuma ya kompyuta. Taa za pale kwenye poti zinawaka vizuri na moja inapepesa, lakini kwenye skrini inaandika hakuna intaneti. Nikacheki video moja jamaa anasema lazima utengeneze koneksheni mpya ya brodibendi uweke yuzaneimu na paswedi, nimeweka paswedi ya waifai ndo inaleta erori 651. Nimepiga kwa kampuni wanasema laini iko poa, kompyuta haiwahusu. Wife anafanya kazi za ofisi hapa na saivi tunaunga kwa hotspoti ya simu, bando linaisha balaa.

Sharifa_net:
Pole kaka. Kanunue dongo ya waifai ya USB, kile kidude kinachoipa kompyuta waifai, uchomeke, habari ya waya uachane nayo.

nyaya_nane:
Dada Sharifa dongo inasaidia, ila waya anao tayari na taa zinawaka, asitoe hela bure kwanza.

Mkuu hiyo koneksheni ya kwenye video ifute. Inaitwa PPPoE, na ilikuwa na maana enzi zile modemu inachomekwa kwenye kompyuta moja halafu kompyuta yenyewe ndo inajitambulisha kwa kampuni. Siku hizi kiboksi chako ndo kinafanya hiyo kazi, yuzaneimu na paswedi za kampuni mafundi walishaziingiza humo ndani na wala hazihusiani na paswedi ya waifai. Ndo maana unapata 651, kompyuta inamtafuta mtu wa kuipokea upande wa pili na hayupo. Kompyuta yako kazi yake ni kuomba IP tu kwenye kiboksi, yaani anwani yake kwenye mtandao wa hapo nyumbani, basi.

Sasa fanya hivi, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, enta, halafu andika ipconfig. Tuambie IPv4 inasomaje, na simu yako ukiwa kwenye waifai inasomaje.

Mzee wa Swichi:
Ikianza na 169.254 ujue kompyuta imeomba IP haikujibiwa ikajipa yenyewe, hapo jaribu poti nyingine ya kiboksi, kuna viboksi poti moja wameitenga kwa ajili ya TV na ukichomeka kompyuta hapo hupati kitu.

KijanaTabata:
Desktopu inasoma 10.10.4.27, simu 192.168.100.8

nyaya_nane:
Ndo hapo hapo mkuu, tumeshaipata. Hiyo 10.10.4.27 imeachwa na fundi wa ile ofisi ilikotoka, waliiandika kwa mkono ibaki hivyo hivyo. Yaani kompyuta imehamia Tabata lakini bado inatumia anwani ya mtaa wa zamani, kiboksi chako kinaongea 192.168.100 yeye anaongea 10.10.4, hawawezi kuelewana hata waya uwe mzuri vipi.

Windows na R tena, andika ncpa.cpl, enta. Utaona Ethernet, bofya kitufe cha kulia cha mausi, ingia Properties, tafuta mstari wa IPv4 uubofye mara mbili. Juu chagua Obtain an IP address automatically, na chini kwenye DNS, ile inayotafuta websaiti kwa jina, nako chagua automatically, hapo chini wengi wanapasahau halafu wanabaki na IP nzuri ila websaiti hazifunguki. OK, OK, chomoa waya chomeka tena.

KijanaTabata:
Imekubali!!! Ubarikiwe sana mkuu, wife kashaanza kazi. Swali moja tu, tumelipia 50 lakini nikidaunilodi faili naona 6 megabaiti kwa sekunde, wananiibia? Na nataka kuihamishia chumbani, waya huu ni mfupi.

nyaya_nane:
Hawakuibii. Kifurushi kinahesabiwa kwa megabiti, daunilodi inahesabiwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Gawanya 50 kwa 8 unapata 6 na kidogo, kwa hiyo unapata haki yako.

Mzee wa Swichi:
Kwa chumbani chukua waya wa LAN aina ya Cat5e au Cat6 ya shaba tupu, kuna zile za aluminiamu zilizopakwa shaba ni rahisi ila zinakatika ovyo. Mpaka mita 100 hakuna shida. Fundi akibana vichwa msimamie abane nyaya zote 8, wapo wanaobana 4 tu, itashika ndiyo lakini haitavuka megabiti 100, leo hutaona tofauti ila ukija kupandisha kifurushi utaanza kugombana na kampuni bure. Na usiipitishe sambamba na waya wa umeme kwenye bomba moja.

Sharifa_net:
Na ukiamua dongo baadaye chukua yenye masafa ya waifai ya 2.4 na 5 GHz zote, 5 ina spidi ila kuta za tofali inapenya kwa shida, chumba kikiwa mbali utarudi kwenye 2.4.