Canon G10 ya shangazi au Nikon D40 ya jirani: nibaki na ipi?

Kibao_cha_Mbuzi

Wakuu, habari za jioni. Nipo Tanga, mimi mwalimu, mke wangu anaoka keki za oda. Shangazi yangu alikuja likizo kutoka Muscat akaniachia Canon PowerShot G10, ile nyeusi nzito yenye magurudumu juu. Haijapita wiki, jirani yangu aliyekuwa anapiga picha za harusi kaniambia anauza Nikon D40 na lenzi yake ya 18-55, betri mbili na chaja, laki mbili na nusu. Kanipa siku kumi niijaribu.

Tatizo ni kwamba hiyo laki mbili na nusu ndiyo hela tuliyoweka ya mashine ya kukorogea keki. Mama watoto hajasema kitu, ila ananiangalia.

Kwa kusoma tu namba, naona G10 inashinda. Ni ya 2008, megapikseli 14.7, na zumu yake inatoka milimita 28 mpaka 140. D40 ilitangazwa Novemba 2006, megapikseli 6.1, na kwa hesabu hiyohiyo lenzi yake inaishia kama 82. Nikimwambia jirani hivyo anacheka tu.

Matumizi yangu: picha za keki za kutuma kwa wateja, mahafali na mechi za shuleni, na mwanangu wa miaka mitatu ambaye hajui maana ya kutulia. Naombeni ulinganisho wa watu waliozishika, si wa kusoma kwenye boksi.

Fundi_Lenzi

Jirani yako ana haki ya kucheka mwalimu. Acha megapikseli, uliza sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga. Ya G10 ina upana wa milimita 7.6 kwa 5.7, ni ukucha wa kidole kidogo. Ya D40 ni 23.7 kwa 15.6. Zidisha mwenyewe, wewe ndiye mwalimu: D40 ina eneo kubwa zaidi ya mara nane. Sasa kwenye kale kaukucha Canon wamesokomeza pikseli milioni 14.7. Ni daladala ya saa 12 asubuhi. D40 ni watu sita kwenye basi zima, kila mtu na siti yake na mzigo wake pembeni.

Mchana huoni tofauti. Jua likizama ndiyo utaiona. G10 ukiipandisha ISO (kiwango cha kuhisi mwanga) mpaka 400, chenga, yaani vidoavidoa kwenye picha, zinaanza, 800 unavumilia, 1600 nywele za mtu zinakuwa kama katani iliyolowa. D40 kwenye 1600 ina chenga ndiyo, lakini uso unabaki uso. Na Canon wenyewe waliliona hilo: G11 ilipotoka 2009 walirudi nyuma mpaka megapikseli 10. Kampuni haipunguzi namba ya kwenye boksi kwa kupenda.

Mzee_wa_Chenga

Fundi unaipaka matope G10. Nimekaa na moja miaka minne. Iweke ISO 80, mwanga wa dirishani au wa nje, mkono utulie, halafu uje uniambie. Kuna mpiga picha mmoja Mkanada, marehemu Michael Reichmann, mwaka huohuo wa 2008 aliipambanisha na Hasselblad, kamera kubwa ya kitaalamu, yenye mgongo wa kidijitali wa Phase One wa megapikseli 39, mtambo wa bei ya gari. Akasafisha picha zote mbili kwa saizi kubwa, akawaonyesha watu wa fani, wakashindwa kuzitenganisha kwa uhakika. Hiyo ndiyo G10 ikiwa kwenye mwanga wake. D40 yenye pikseli milioni sita haiwezi kuikaribia kwa kuonyesha vitu vidogovidogo.

Na kwa keki, mwalimu, kuna jambo ambalo Fundi hakulisema. Sensa ndogo inaweka kila kitu kwenye ukali. Ukipiga kwa f/4 kwenye G10 (hiyo f ni tundu la lenzi, namba ikikua tundu linabana), ua la mbele na ua la nyuma ya keki yote yanaonekana vizuri. Kuyapata hayo kwenye D40 itabidi ubane mpaka f/11 au zaidi, na ukibana hivyo ndani ya nyumba shata, lile pazia la kupitisha mwanga, inakuwa ya kinyonga. Hapo ununue stendi. G10 unaisogeza mpaka sentimita moja kutoka kwenye keki na bado inashika fokasi. Lenzi ya jirani yako haiwezi, inataka uikae mbali karibu sentimita 28.

SimuTu

Samahani kuingilia, mwaka huu mtu bado anabishania kamera za 2006? Simu yangu inapiga usiku kama mchana. Nunua mashine ya keki.

Fundi_Lenzi

@SimuTu mkuu usemacho kina ukweli, ila kinaiangukia G10, hakiiangukii D40. Simu nyingi nzuri za sasa zina sensa inayolingana na ya G10 au kuipita, na zinapiga picha kadhaa kwa mpigo na kuziunganisha kuwa moja. Kilichobaki kwa G10 ni zumu ya kweli ya lenzi, fleshi ya kweli na yale magurudumu. D40 bado ina kitu ambacho simu inaigiza kwa programu: nyuma ya mtu kuyeyuka bila kukata ncha za nywele wala pindo la mtandio.

Bi_Kilindini

Salaam aleikum nyote. Mimi kazi yangu ni picha za kupamba hapa Mombasa, sherehe za wanawake peke yao, kwa hiyo hilo la simu nina neno nalo. Huku kwetu simu zakusanywa mlangoni. Bibi harusi amekaa kitini na hina yake, mabibi wamevua mabuibui, hakuna anayetaka picha yake iamkie kwenye vikundi asubuhi. Kamera ya zamani isiyo na intaneti ndiyo inayoniingiza ndani. Nikimaliza natoa kadi mbele ya mama mzazi, namkabidhi, basi. Mwaka juzi mteja mmoja aliniuliza mara tatu kama kamera yangu "yatuma". Nikamwambia mama, hii hata saa yake naiweka kwa mkono.

Natumia D40 mpaka leo, pamoja na ile lenzi ya 35 f/1.8G. Ukumbi wa taa za rangi, G10 huiwezi bila fleshi, na fleshi yauwa hina. Lakini nikuambie lililonipata mwanzo ili usilirudie. Nilinunua kwanza 50 f/1.8D kwa mtu, bei nzuri, nikafurahi. Kufika nyumbani haifokasi. D40 haina mota ndani ya mwili wake, yategemea mota iliyomo kwenye lenzi. Tafuta zilizoandikwa AF-S. Zile D utazungusha kwa mkono, na bibi harusi hakungojei.

Jambo jingine la D40 ambalo watu hawalisemi: fleshi yake yaenda na shata mpaka 1/500. Mchana wa jua la utosi, mtu amevaa mtandio na uso umeingia kivulini, wafungua fleshi kidogo na uso wamwonyesha mwenyewe. DSLR nyingi (kamera za kubadilisha lenzi kama hii) za rika lake huishia 1/200 au 1/250.

Kibao_cha_Mbuzi

Asanteni sana. Bi Kilindini, shikamoo, umenifundisha.

Jana na leo nimefanya jaribio. Keki ya oda, ya duara, krimu nyeupe, mawaridi ya sukari ya waridi juu yake. Mezani, dirisha la upande wa kushoto, saa 4 asubuhi.

G10, ISO 80, f/4: nimekuza picha kwenye kompyuta nikaona chembe za sukari juu ya petali, na alama ya kisu pale mama watoto alipolainisha krimu. Alipoiona alikasirika, akasema hiyo alama mteja haioni kwa macho. Mawaridi yote makali. D40 na 18-55: ua la mbele zuri, la nyuma pamba. Nikabana mpaka f/11, yakatulia, ila picha mbili kati ya tano zimetikisika. Kwa keki Mzee wa Chenga kasema kweli tupu.

Kichekesho: nilimpa mke wangu D40 apige mwenyewe. Akainyoosha mbele kama anavyoshika simu, akaangalia kioo cha nyuma, akaniuliza mbona giza. Nikamwambia hii unachungulia kitunduni, kioo kinaonyesha ukishapiga. Akairudisha mezani polepole, kama mtu anayerudisha sahani yenye ufa.

Jioni umeme ukakatika. Nikawasha taa ya chaji, mtoto akaanza kuruka kutoka kwenye kochi kwenda kwenye godoro, mchezo wake wa kila siku. G10 nimepiga kumi na mbili. Saba ni godoro tupu, mtoto keshatua. Nne ni mguu. Moja yupo, lakini ana chenga kama televisheni ya zamani. D40 kwenye 1600 na shata ya polepole nayo haikuwa ya ajabu, nyingi zimetikisika, ila kila nilipobonyeza ilifyatua palepale. Na moja imemkamata yuko hewani kabisa, mikono juu, mdomo wazi, kanga ya mama yake kaifunga shingoni kama joho. Hiyo picha nimeshaitazama mara nyingi kuliko ilivyo halali.

Kwa hiyo sasa nimechanganyikiwa kuliko mwanzo.

Mzee_wa_Chenga

Ha ha. G10 ukiibonyeza mpaka chini kwa mara moja inatafuta fokasi kwanza, ndiyo maana unapiga godoro. Bonyeza nusu ukiielekeza pale atakapotua, subiri, akiruka malizia. Inasaidia. Lakini kwa mtoto gizani siwezi kukudanganya, hapo nakubali nimepigwa.

Mechi za shule: G10 inafika mbali zaidi ila itachelewa, D40 itawahi ila 55 ni fupi, utatafuta lenzi ya 55-200 baadaye. Kaa nyuma ya goli, mpira utakuja wenyewe.

Fundi_Lenzi

Mwalimu, kabla hujamlipa jirani, fanya haya. Upo Tanga, hewa ya bahari, na adui wa lenzi pwani ni fangasi. Ivue ile 18-55, kioo cha upande mmoja kielekeze kwenye tochi ya simu, chungulia upande wa pili ukiwa umeiinamisha kidogo. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi. Vumbi la punje mbili tatu halina neno.

Halafu piga picha ya ukuta mweupe au mbingu kwa f/16. Madoa meusi ni vumbi kwenye sensa, D40 haina mtikiso wa kujisafisha kama kamera zilizofuata, lakini fundi analitoa. Chukua JPEG, yaani faili la picha, ile ya kwenye kadi, hujaigusa, ndani yake kuna namba ya mara ngapi shata imefyatuka. Zipo programu za kuisoma. Kamera ya harusi hiyo, usiamini "imetumika kidogo".

Betri mbili zichaji zote, ziweke mezani, uone kama zinasimama vizuri. Iliyovimba inayumba. Na usinunue kadi kubwa. Zote mbili, G10 na D40, zinakoma kadi za aina ya SDHC, yaani GB 32. Mimi kuna duka liliniuzia ya 64 kwa kuapa kabisa. Kamera ikaikataa, na duka nalo likakataa kurudisha hela.

G10 nayo iangalie: izime na kuiwasha mara kumi, sikiliza lenzi ikitoka. Ikikwaruza, ni mchanga. Kamera ndogo lenzi ikikwama au fangasi akiingia ndani, mara nyingi ndiyo kwaheri, gharama ya kuifungua inapita bei yake. D40 unatupa lenzi, mwili unabaki.

Kibao_cha_Mbuzi

Mrejesho wakuu.

Fangasi yupo. Pembeni mwa kioo cha mbele, nyuzi tatu nyembamba, nisingeziona bila tochi. Shata imefyatuka elfu thelathini na moja. Betri moja imevimba, ukiisukuma inazunguka kama pia.

Nimeenda kwa jirani na tochi yangu mkononi. Tumekunywa kahawa, tumezungumza ya mtaani, halafu nikamwonyesha. Alikaa kimya, akaomba tochi, akachungulia mwenyewe. Tumefungana laki moja na sitini na tano. Picha ya mtoto nilimwonyesha mama watoto kabla sijaenda, sikusema neno. Kasema mashine itasubiri mahafali yapite, ila pesa ya picha za mahafali ni yake. Nimekubali, sikuwa na pa kukatalia.

G10 imehamia jikoni, ndiyo ya keki, na anaipenda kwa sababu anaona anachopiga kwenye kioo. Swali la mwisho: lile gurudumu la ISO juu limeingia unga wa ngano, linazunguka kwa shida. Nilisafishe na nini?

Fundi_Lenzi

Brashi kavu laini, kamera ukiwa umeipindua kichwa chini ili unga udondoke. Usipulize kwa mdomo, mate na unga yanakuwa uji. Spiriti usiweke kabisa, inafuta namba.

Na ile lenzi yenye fangasi usiifungie droo moja na nyingine. Iweke kwenye kontena la plastiki pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Bi_Kilindini

Na hiyo picha ya joho la kanga, mwalimu, kaisafishe kwenye karatasi. Leo, kadi hazina dhamana.